Mtoto wa Watu Si Bango

Barua za mara hii karibu zote zimetoka kwa wanaoshika kurasa za vikundi na mashirika: Amu (mji wa Lamu), Pate, hadi Malindi. Mimi mwenyewe nilipostaafu ualimu nilitwikwa ukurasa wa kikundi chetu cha washona kofia, kwa sababu moja tu: katika kikao kile ndiye niliyekuwa na miwani. Kwa hivyo msitarajie mtaalamu. Nimezaliwa Mkomani, nimeolewa Langoni; mkikuta ukali kwenye majibu haya, gawanyeni lawama kati ya mitaa miwili.

*Mwalimu, asalaam alaykum. Kikundi chetu cha kina mama huwasaidia mayatima kwa sare na vifaa vya shule. Kabla ya Ramadhani tuligawa sare pamoja na unga, nikawapiga picha watoto mmoja mmoja, kila mmoja ameshika fungu lake, nikaziweka Facebook. Juzi mama mmoja amenijia nyumbani analia: mwanawe shuleni sasa anaitwa "Mtoto wa Unga". Picha nimeiondoa. Lakini mwenyekiti anasema mfadhili wetu yuko Ujerumani, na bila nyuso za watoto hataamini kwamba pesa zimefika. Nifanyeje?*
*Katibu, Langoni*

Wa alaykum salaam, dadangu. Umefanya vyema kuiondoa bila kubishana na mama wa watu, ila kazi haijakwisha. Kama Facebook yenu imeunganishwa na Instagram, picha iliyoingia huku huenda ilijipeleka na kule, na ukiifuta huku, kule inabaki. Tazama albamu, tazama kundi la WhatsApp la kamati, tazama ile picha pana iliyo juu ya ukurasa, tazama na ripoti mliyoitundika. Kisha warudie watoto wale wengine. Mama mmoja amekuja kulia kwako. Wengine wamelia kwao.

Sasa mwenyekiti. Mwanzie na sheria, maana wenyeviti husikia sheria upesi kuliko machozi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imewataja watoto waziwazi: taarifa za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata idhini ikiwapo, zitumiwe kwa namna inayolinda haki zake na maslahi yake. Uso ni taarifa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Mwambie mwenyekiti azigawanye hizo kwa bei ya sare moja, akipata jibu aje tuzungumze.

Lakini hata pasingekuwa na sheria ningekwambia yale yale. Yule Mjerumani hatakutana na mtoto huyu maisha yake yote. Wenzake wa darasani watakutana naye kesho asubuhi, na jioni madrasani, na keshokutwa kwenye arusi. Mji wetu ni wa vichochoro, huwezi kupishana na mtu bila kumgusa bega. Picha iliyopata laiki chache tu imeshafika kwa kila anayemhusu mtoto. Mimi si shehe, lakini aya ya 271 ya Sura ya Al-Baqara sote tumeihifadhi: mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Naona hata mahali aya ilipotoa ruhusa, kilichoruhusiwa kuonekana ni sadaka. Uso wa mpokeaji haukutajwa.

Utaniambia, "Lakini mama zao walikubali." Walikubali lini? Kama ni pale kwenye foleni, unga uko mkononi mwako na simu iko mkono wa pili, hiyo si idhini. Nani atasema hapana mbele ya unga? Idhini huombwa siku nyingine, nyumbani kwake, kwa Kiswahili, na karatasi asomewe kama hasomi. Aambiwe picha itawekwa wapi, na kwamba atakayeiona anaweza kuwa mtu yeyote popote. Aambiwe kwamba akikataa, fungu lake liko pale pale, na kwamba akikubali leo akabadili nia mwakani, mtaiondoa bila kumuuliza kwa nini. Haki hiyo ya kubadili nia imo ndani ya sheria, si hisani ya kikundi. Na mtoto naye aulizwe. Msichana wa miaka kumi na miwili ana maoni yake, mkimpa nafasi mtayasikia.

Wapo wanaodhani dawa ni kuwapiga watoto picha kwa mgongo. Pengine Nairobi. Hapa kwetu tunamjua mtoto kwa kisogo chake, kwa mwendo, kwa ndala zake za rangi mbili. Na ule mtindo wa kumbandika mtoto nyota usoni mimi siupendi kabisa, unamfanya aonekane mshtakiwa.

Piga picha vitu vingine, na viko tele. Piga vitambaa vikishuka gatini na punda akibebeshwa. Piga mikono ya fundi kwenye cherehani. Piga sare zilizokunjwa mezani zimepangwa kwa saizi, kuanzia ya chekechea. Piga stakabadhi ya duka la vitambaa, ukiziba namba ya simu ya mwenye duka. Piga wanakamati wenyewe wakihesabu. Kama wanataka kuonekana, na huwa wanataka, wao ni watu wazima na wanajua wanachokitaka. Chini ya picha andika maelezo yenye nyama: sare ngapi, zimeshonwa na nani, zimegharimu kiasi gani, zimekwenda shule za upande gani bila kuitaja shule moja, na kilichobaki. Jirani akisoma akaona hesabu imesimama, keshokutwa atakuleteeni mchango wake mwenyewe.

Na mfadhili? Mpelekeeni ripoti yake faraghani: hesabu, stakabadhi, orodha ya watoto kwa namba badala ya majina. Akihitaji uthibitisho zaidi, aje mwenyewe au amtume mtu azungumze na walezi. Muulizeni kwa adabu kama kwao angeweza kuweka mtandaoni uso wa mtoto wa jirani akipokea chakula cha msaada. Ulaya wana sheria yao ya data inayofanya kazi tangu Mei 2018, na hawaichezei. Nina hakika mwenyekiti wenu amewahi kumsemea mfadhili jambo ambalo mfadhili hakulisema. Muandikieni mkamuulize mwenyewe.

*Mwalimu, ukurasa wa kikundi chetu cha kupanda mikoko ulifunguliwa na mwanafunzi aliyekuwa akijitolea. Amehitimu, sasa yuko Qatar na hajibu ujumbe. Nywila ya ukurasa anayo yeye peke yake. Watu wanatuandikia inboksi kuuliza miche na hatuwezi hata kuwaona. Tufungue mwingine?*
*Mweka hazina, Pate*

Msifungue bado, babangu. Kwanza nikutoe kwenye kosa ambalo wengi wamo: ukurasa wa Facebook hauna nywila yake. Mtu huufungua kwa akaunti yake binafsi, na kila anayeuendesha huingia kwa akaunti yake mwenyewe. Kwa hivyo msimwombe kijana "nywila ya ukurasa". Hana. Akiwapa nywila, atakuwa amewapa ya kwake, na mtajikuta mnasoma barua za mchumba wake.

Cha kumwomba ni hiki: awaongeze watu wawili wa kikundi kwenye orodha ya wasimamizi, kwa udhibiti kamili. Ataifanya kwa simu yake akiwa pale pale alipo, kabla chai haijapoa. Hilo neno "kamili" lina maana yake, kwani yupo msimamizi wa sehemu, anayeweza kuposti na kujibu watu lakini hawezi kuingiza wala kutoa mtu. Wa udhibiti kamili anaweza yote, pamoja na kuufuta ukurasa wenyewe, ndiyo maana hapewi kila mpita njia.

Mtampataje? Nendeni kwa mamake. Nimeona vikundi vikiandika barua zenye muhuri kwa vijana walioko Ghuba na visipate hata alama ya kusomwa. Kijana wa Pate asiyejibu kikundi humjibu mamake kila Ijumaa. Mwende watu wawili, mmoja mwanamke, mchukue halua. Mwamkieni, muulizeni hali ya mwanawe na kazi yake, mshukuruni kwa alichokijengea kikundi, kwa sababu kweli alikijengea. Ndipo mseme haja yenu, na mwombe siku akipiga simu awape mzungumze naye. Msiende kushtaki. Huenda kijana amepoteza laini, au anaona haya kwamba aliondoka bila kuaga.

Ikishindikana hata hapo, fungueni mwingine, wenye jina la kikundi na la mahali penu, na muingie kama watu wa kawaida kwenye posti za ukurasa wa zamani muandike komenti kuwaelekeza wafuasi kule kupya. Hawatahama wenyewe.

Ukipatikana wa zamani au ukifunguliwa mpya, fanyeni mambo ambayo kijana hakuwa na mtu wa kumwambia. Wasimamizi wa udhibiti kamili wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja, na majina yao yaandikwe kwenye mihutasari. Ukurasa uingizwe kwenye orodha ya mali za kikundi pamoja na muhuri, kitabu cha hundi na mashua, ili siku ya kukabidhiana ofisi ukabidhiwe nao. Kila msimamizi awashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila kwanza, kisha namba ya muda inayotoka kwenye simu yake. Facebook itampa namba kumi za akiba za kuingilia simu ikipotea. Azichapishe karatasini, zifungiwe kabatini, asizipige picha akazihifadhi kwenye simu ile ile. Barua pepe iwe ya kikundi. Ile aliyopewa mtu na chuo siku moja hufungwa, na laini ya simu isiyotumika muda mrefu huweza kuuziwa mtu mwingine, ambaye ujumbe wenu wa uthibitisho utamwendea yeye.

Na miche msiisahau. Kaunti yetu ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mtu aliyeuliza mche akanyamaziwa miezi huenda kununua kwingine, au haendi popote. Ukurasa ukirudi mikononi, anzeni na inboksi kabla ya kuposti chochote.

*Mwalimu, tumepata ujumbe Messenger wenye nembo ya Meta, kampuni yenye Facebook: eti tumekiuka hakimiliki na ukurasa utafungwa baada ya saa 24 tusipobonyeza kiungo. Tubonyeze?*
*Mtunza ukurasa, Shela*

Msibonyeze. Ni wezi. Onyo la kweli huonekana ndani ya ukurasa wenyewe, mahali pa hali ya ukurasa. Haliletwi Messenger na mtu mwenye jina la ajabu na haraka ya kukimbizwa. Mkiwa mmeshabonyeza na kuandika nywila, badilisheni sasa hivi, toeni vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha mkague orodha ya wasimamizi kama pana mgeni. Kama kadi ya benki ilikuwa imewekwa kwa ajili ya matangazo ya kulipia, pigieni benki leo, msingoje Jumatatu.

*Mwalimu, sisi hapa Malindi tunalinda viota vya kasa. Video ya vifaranga wakikimbilia maji imetazamwa kuliko chochote tulichowahi kuweka. Sasa watu wanatuandikia kila siku kuuliza ni ufuo gani na lini vitaanguliwa vingine. Wiki iliyopita mtembeza watalii mmoja amekuja usiku na kundi la watu wenye tochi. Tuiondoe?*
*Mlinzi wa viota, Malindi*

Hapana, mwanangu, iacheni. Ila itazameni tena kwa macho ya mwizi. Anayetaka mayai hahitaji muandike jina la ufuo. Nguzo ya Vasco da Gama ikichungulia nyuma, au ukuta wa hoteli fulani, au ule mti uliopinda, ameshajua. Mkiona alama kama hizo, kateni kipande hicho muiweke upya. Zimeni na ile alama ya mahali (location) kwenye kamera ya simu.

Jambo la pili ni wakati. Mayai ya kasa hukaa mchangani karibu miezi miwili. Ninyi mnaijua tarehe ya kila kiota, na hiyo tarehe ndiyo siri yenu kubwa kuliko mahali. Msiahidi, msihesabu siku hadharani, msirushe moja kwa moja vifaranga wakitoka. Wekeni video baada ya kiota kumalizika na mchanga kusawazishwa. Nyama na mafuta ya kasa bado vina wanunuzi wa chinichini, ijapokuwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamlinda, na wanunuzi hao nao wana simu.

Tochi nazo muzieleze vizuri, kwa sababu wengi wanaokuja nazo hawana nia mbaya. Kifaranga akitoka usiku hufuata upande wenye mwanga, na tangu zamani upande huo ulikuwa bahari. Leo akiona tochi, taa ya baa au mwako wa kamera, anageukia nchi kavu, na huko kuna kaa, mbwa, jua la asubuhi. Elezeni hivyo, kwa picha, kwa sentensi fupi, muitundike posti hiyo juu kabisa ya ukurasa. Kwa wanaouliza inboksi, andaeni jibu moja la kudumu: viota havitangazwi, anayetaka kujifunza aje ofisini mchana. Yule mtembeza watalii msimtaje jina mtandaoni hata kama amewachoma moyo. Mfuateni aliko, au mwambieni mwenzake wa chama chao amseme.

Halafu nina swali kwenu. Kati ya hao wote waliotazama, wavuvi ni wangapi? Anayemkuta kasa wavuni si mtu wa Italia, ni mvuvi wa hapo penu, saa kumi za usiku, ana njaa na wavu umechanika. Posti inayomweleza afanye nini akimpata, ampigie nani na je, kuna fidia ya wavu au hakuna, itapata laiki kumi na mbili. Iwekeni. Kisha ipelekeni kwenye makundi ya WhatsApp ya wavuvi, huko ndiko inakosomwa.

*Mwalimu, shirika letu hupanga siku za matibabu ya macho vijijini. Mkurugenzi anataka ukurasa uwe wa Kiingereza kitupu. Anasema Kiswahili kinatuonyesha hatukusoma. Wewe wasemaje?*
*Mhudumu, Malindi*

Nasema mkurugenzi wenu anaandika ili aonekane, na wagonjwa wenu hawaoni. Mzee wa Gongoni mwenye mtoto wa jicho anataka kujua siku, saa, mahali, kama ni bure, na kama aje na mtu wa kumshika mkono wakati wa kurudi. Atasomewa na mjukuu wake. Andikeni Kiswahili juu, Kiingereza mistari miwili chini kwa wanaokihitaji. Facebook yenyewe imekuwa na Kiswahili tangu 2009, sijui mkurugenzi anaionaje. Kwa wale wa bara ya Malindi rekodini sauti ya Kigiriama, dakika moja, iende kwa WhatsApp, na msomaji awe mtu mzima mwenye sauti inayojulikana. Tena tarehe muiandike ndani ya maneno ya posti. Ikiwa ndani ya bango la picha peke yake, mwenye simu ndogo haioni na anayetafuta kwa maneno haipati.

*Mwalimu, mimi ndiye kijana wa mitandao wa kikundi chetu. Tunakarabati jabia, yaani birika la maji ya mvua. Mwenyekiti ametangaza atawania uwakilishi wa wadi 2027, na sasa kila posti ya jabia anataka iwe na picha yake na rangi za chama chake. Yeye ndiye ananinunulia bando. Naogopa kumkatalia, ni kama baba kwangu. Nisaidie.*
*Kijana, Kaunti ya Lamu*

Pole, mwanangu. Hii ndiyo barua niliyoiweka kando nikairudia, kwa sababu uchaguzi ni Agosti 2027 na wenye vikundi wanaotaka kura ni wengi kuliko majabia.

Tuanze na bando. Anayekulipia bando ndiye mwenye ukurasa, hilo halina mjadala. Mwone mweka hazina, bando iingie kwenye bajeti ya kikundi, hata kama ni ndogo na hata kama itabidi uposti mara moja kwa wiki. Ukishaacha kula mkononi mwa mtu, sauti yako hurudi.

Kisha jueni mmesajiliwa wapi. Mashirika yaliyo chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile iliyopitishwa 2013 ikaanza kutumika Mei 2024, yamekatazwa kumfanyia kampeni au kumchangishia mgombea au chama. Kama ninyi ni kikundi cha jamii kilichosajiliwa kwenye ofisi ya Maendeleo ya Jamii, yaani chini ya sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii, someni katiba yenu. Nyingi zina kifungu cha kutoegemea siasa ambacho kilinakiliwa kutoka kwa kikundi kingine na hakuna aliyewahi kukisoma. Kisomeni sasa.

Wewe usimkatalie. Si kazi yako, na kijana kumkatalia mzee mbele za watu hapa kwetu kunageuza kesi: jabia linasahaulika, adabu yako ndiyo inayojadiliwa mwezi mzima. Mpelekee katibu, na umtafute mzee mmoja wa kikundi ambaye mwenyekiti humwinamishia kichwa. Wao walete kikaoni pendekezo lisilomtaja mtu: kwamba tangu leo ukurasa hauweki picha ya mgombea yeyote, rangi ya chama chochote, wala salamu za sikukuu zenye jina la mwanasiasa. Lipigiwe kura, liandikwe, nawe uambiwe rasmi kuliposti. Akija kwako na picha, utamwonyesha posti hiyo na kumwambia, "Baba, kikao kimenifunga mikono."

Mwenyekiti naye asiachwe na kinyongo. Amejitolea, jasho lake limo kwenye lile jabia. Msaidie kufungua ukurasa wake mwenyewe, kwa simu yake na bando yake, huko apake rangi anazotaka. Akipenda kuandika kwamba ameongoza ukarabati, aandike, ni kweli. Ila picha za kina mama wakichota maji asizichukue kwenye ukurasa wenu. Waliruhusu zitumiwe kwa habari za maji, na nusu yao huenda wanampigia kura mpinzani wake.

Jambo moja ufanye kabla ya kikao hicho: fungua orodha ya wasimamizi uone nani ana udhibiti kamili. Ukikuta ni mwenyekiti peke yake, usimwambie katibu kwa WhatsApp. Mwendee nyumbani.